Historia ya Atomi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wanafunzi wa sekondari, walimu wao na wasomaji wengine huuliza kuhusu safari ndefu iliyowafikisha wanasayansi kwenye ufahamu wa atomi tulio nao leo. Pamoja na kutaja nani alisema nini na lini, tumejaribu kueleza alipima kitu gani hata akalazimika kusema hivyo, kwa sababu orodha ya majina na miaka isiyoambatana na ushahidi haimsaidii msomaji kuelewa kwa nini mawazo ya zamani yaliachwa.

Atomi ni nini, kwa maelezo mafupi?

Atomi ni sehemu ndogo kabisa ya elementi ambayo bado ina tabia za kikemia za elementi hiyo. Katikati yake kuna kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya, na nyutroni, ambazo hazina chaji yoyote; haidrojeni ya kawaida peke yake haina nyutroni. Nje ya kiini kuna elektroni zenye chaji hasi. Idadi ya protoni ndiyo inayoamua atomi ni ya elementi gani: yenye protoni 1 ni haidrojeni, yenye 6 ni kaboni, yenye 79 ni dhahabu. Kipenyo cha atomi nyingi kiko kati ya nanomita 0.1 na 0.5, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Hakuna hata sentensi moja kati ya hizi iliyokubaliwa bila ubishi.

Je, ni kweli kwamba Wagiriki wa kale ndio waliogundua atomi?

Waliiwazia, lakini hawakuigundua. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, Leucippus na mwanafunzi wake Democritus wa mji wa Abdera walifundisha kwamba vitu vyote ni chembe zisizogawanyika zinazotembea katika nafasi tupu. Aristotle alilikataa wazo hilo, na heshima yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba wasomi wengi wa Ulaya walimfuata kwa karne nyingi. Wazo la chembe zisizogawanyika halikuwa la Wagiriki peke yao. Nchini India mkondo wa falsafa wa Vaisheshika, unaohusishwa na mwanafalsafa wa kale aliyeitwa Kanada, ulikuwa na mafundisho yake kuhusu chembe hizo, na katika ulimwengu wa Kiislamu wanazuoni wa elimu ya kalam, yaani elimu ya kuijadili imani kwa hoja za akili, hasa wa mkondo wa Ash'ari ambao una mizizi pia katika pwani ya Afrika Mashariki, walishikilia kwamba kila kiwiliwili kinaundwa na sehemu zisizogawanyika zinazoumbwa na Mwenyezi Mungu wakati wote, ilhali Ibn Sina alitoa hoja nzito za kuwapinga. Hizo zote zilikuwa hoja za akili na za imani, na zinastahili kusomwa kwa heshima hiyo. Walichokosa wote ni kipimo: hapakuwa na jaribio ambalo matokeo yake yangeweza kuamua nani kati yao amesema kweli.

Kwa nini John Dalton ndiye anayeitwa mwanzilishi wa nadharia ya kisayansi ya atomi?

Kwa sababu aliiunganisha atomi na mizani. Kabla yake, Antoine Lavoisier wa Ufaransa alikuwa ameonyesha kwamba uzito wa vitu haupotei wala hauongezeki katika badiliko la kikemia, na Joseph Proust alikuwa ameonyesha kwamba dutu moja huundwa na elementi zilezile kwa uwiano uleule wa uzito, iwe imetengenezwa maabarani au imechimbwa ardhini. Dalton, mwalimu aliyeishi Manchester nchini Uingereza na aliyekuwa na mazoea ya kuandika hali ya hewa ya kila siku, alianza kuufikiria uwiano huo kuanzia mwaka 1803 na kuueleza kwa upana katika kitabu alichokitoa mwaka 1808.

Inafaa kuufuata mfano mmoja hatua kwa hatua. Kaboni ikiungana na oksijeni inaweza kutoa gesi mbili tofauti: moja ni ile yenye sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kisicho na hewa, yaani kaboni monoksidi, na nyingine ni ile tunayoitoa tunapopumua, yaani kaboni dayoksidi. Ukipima, utaona kwamba katika gesi ya kwanza gramu 3 za kaboni zimeungana na gramu 4 za oksijeni, na katika gesi ya pili gramu 3 zilezile zimeungana na gramu 8. Nane ni mara mbili kamili ya nne. Swali la Dalton lilikuwa hili: kama oksijeni ingekuwa kitu kinachoweza kugawanywa kwa kiasi chochote, kwa nini hatupati gesi yenye gramu 5, au 6 na nusu? Jibu lake ni kwamba oksijeni huja kwa chembe nzima nzima. Atomi moja ya kaboni inaweza kushikana na atomi moja ya oksijeni au na mbili, lakini haiwezi kushikana na moja na robo. Kwa maoni yetu hii ndiyo hoja inayopaswa kufundishwa kwanza darasani, kabla ya mchoro wowote, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kuihakiki mwenyewe kwa hesabu ya darasa la saba.

Dalton hakupatia kila kitu. Alidhani kwamba maji yana atomi moja ya haidrojeni na moja ya oksijeni, na kwa hiyo uzito alioipa oksijeni ulikuwa mdogo kuliko ilivyo kweli. Amedeo Avogadro wa Italia alitoa njia ya kurekebisha kasoro hiyo mwaka 1811, lakini hakusikilizwa mpaka Stanislao Cannizzaro alipoitetea hoja yake mbele ya wanakemia waliokutana Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo Dmitri Mendeleev kutoka Urusi. Mwaka 1869 Mendeleev alipanga elementi katika jedwali, akaacha nafasi wazi na kutabiri tabia za elementi ambazo hazijaonekana. Galiamu ilipatikana mwaka 1875, skandiamu mwaka 1879 na jerimaniamu mwaka 1886, zote zikiwa karibu sana na utabiri wake.

Je, wanasayansi wote walikubali mara moja kwamba atomi zipo?

Hapana. Karibu miaka 100 baada ya Dalton, bado walikuwapo wanasayansi wakubwa waliosema kwamba atomi ni njia nzuri ya kufanyia hesabu na kwamba hakuna haja ya kuamini kuwapo kwake. Wilhelm Ostwald na Ernst Mach walikuwa mstari wa mbele. Ludwig Boltzmann wa Austria, aliyeeleza joto kuwa ni mwendo wa molekuli, yaani vikundi vya atomi zilizoshikana, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akijibu upinzani huo.

Kilichoumaliza ubishi kilianzia katika jambo dogo. Mwaka 1827 mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona kwa hadubini kwamba vipande vidogo mno vilivyotoka ndani ya chavua, vikiwa ndani ya maji, vinatikisika bila kukoma, ingawa havina uhai. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwa hesabu kwamba mtikisiko huo ungeweza kusababishwa na molekuli za maji zinazovigonga kutoka kila upande, na akatoa kanuni ya umbali ambao chembe ingesogea katika muda fulani. Kuanzia mwaka 1908 Jean Perrin wa Paris aliijaribu kanuni hiyo. Alitengeneza vipunje vya utomvu vyenye ukubwa unaolingana, akaviweka ndani ya maji, akavihesabu kwa hadubini katika vina mbalimbali, na akakuta vinapungua kuelekea juu kwa sheria ileile inayoifanya hewa iwe hafifu kileleni mwa Kilimanjaro. Kutokana na hesabu hizo aliweza kukadiria idadi ya molekuli katika kiasi maalumu cha dutu, na makadirio yake yakakaribiana na yale yaliyopatikana kwa njia nyingine zisizohusiana kabisa na utomvu wala maji. Ostwald alitangaza hadharani kwamba ameridhika. Perrin alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Elektroni iligunduliwa vipi?

Wanafizikia wa karne ya 19 walipopitisha umeme katika bomba la kioo lililoondolewa karibu hewa yote, waliona miale ikitoka kwenye ncha hasi. J. J. Thomson, katika maabara ya Cavendish mjini Cambridge, alionyesha mwaka 1897 kwamba miale hiyo hupindishwa na sumaku na pia na umeme, na kutokana na kiasi cha kupinda alikokotoa uwiano wa chaji na uzito wa chembe zake. Uwiano huo ulikuwa mkubwa zaidi ya mara 1,000 kuliko ule wa haidrojeni yenye chaji. Jambo lenye uzito zaidi ni kwamba haukubadilika alipobadilisha gesi ndani ya bomba wala metali ya ncha zake. Chembe zilezile, basi, zilikuwa ndani ya kila kitu, na atomi haikuwa tena kitu kisichogawanyika. Leo tunajua kwamba elektroni ni nyepesi kuliko protoni kwa takriban mara 1,836. Robert Millikan wa Marekani alipima chaji yake kwa kutazama matone madogo ya mafuta yakining'inia kati ya mabamba mawili yenye umeme, kazi aliyoianza mwaka 1909.

Kwa kuwa atomi nzima haina chaji, Thomson alipendekeza mwaka 1904 kwamba elektroni zimetawanyika ndani ya tufe lenye chaji chanya. Mwaka huohuo Hantaro Nagaoka wa Japani alipendekeza tofauti, kwamba katikati kuna kitu kizito chenye chaji chanya na elektroni zinakizunguka kwa umbo la pete. Nagaoka anastahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko inavyofanyika.

Ugunduzi wa unururifu, yaani tabia ya baadhi ya atomi kutoa mionzi zenyewe, ulichangia nini?

Mwaka 1896 Henri Becquerel wa Ufaransa aliona kwamba chumvi za urani zinaacha alama kwenye bamba la picha lililofungwa vizuri, bila kuchomwa wala kuangaziwa. Marie Curie, mzaliwa wa Poland, pamoja na mumewe Pierre, waligundua mwaka 1898 elementi mbili nyingine zenye tabia hiyo, poloniamu na radiamu. Ili kuipata radiamu walichakata tani za mabaki ya mawe ya urani katika banda la kawaida, na mwaka 1902 wakapata takriban sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi yake. Muda mfupi kabla ya hapo Ernest Rutherford, aliyezaliwa Nyuzilandi, akishirikiana na Frederick Soddy huko Montreal, Kanada, alikuwa ameanza kuonyesha kwamba atomi inayotoa mionzi inageuka kuwa atomi ya elementi nyingine. Zaidi ya hayo, mionzi ya alfa iliwapa watafiti kitu walichokuwa wakikikosa, yaani chembe zenye kasi kubwa za kurusha ndani ya atomi ili kuona kuna nini.

Jaribio la karatasi ya dhahabu lilifanywa vipi, na lilithibitisha nini?

Lilifanywa Manchester kuanzia mwaka 1909 na Hans Geiger, Mjerumani, pamoja na Ernest Marsden, kijana aliyekuwa bado hajamaliza shahada yake ya kwanza, chini ya usimamizi wa Rutherford. Chembe za alfa, zinazokwenda zaidi ya kilomita 15,000 kwa sekunde, zilielekezwa kwenye karatasi nyembamba mno ya metali. Nyuma au pembeni mwake kulikuwa na kioo kilichopakwa zinki salfaidi, na kila chembe iliyokigonga ilitoa cheche ndogo ya mwanga. Hapakuwa na kifaa cha kuzihesabu cheche hizo kwa uhakika isipokuwa jicho la mtu. Watafiti walikaa kwanza gizani mpaka macho yazoee, kisha mmoja akatazama kwa hadubini na kuhesabu kwa muda mfupi, kwa sababu macho yalichoka upesi na hesabu ya mtu aliyechoka haiaminiki. Walihesabu maelfu kwa maelfu ya cheche kwa namna hiyo.

Kama chaji chanya ingekuwa imetapakaa katika atomi nzima, kama alivyodhani Thomson, chembe zote zingepita zikiwa zimepinda kidogo tu, kwa kuwa hakuna mahali ambapo zingekutana na nguvu kubwa ya kuzisukuma. Nyingi zilipita hivyo. Hata hivyo Rutherford alikuwa amempa Marsden kazi ya kutazama kama kuna zinazorudi upande zilikotoka, na zilikuwapo: kwa bamba la platinamu, takriban chembe moja katika kila 8,000 ilirudi nyuma. Rutherford alilitafakari jambo hilo kwa zaidi ya mwaka. Mwaka 1911 alichapisha hesabu zake zilizoonyesha kwamba hakuna kinachoweza kuirudisha chembe ya alfa namna hiyo isipokuwa chaji yote ya katikati, pamoja na karibu uzito wote wa atomi, iwe imekusanyika katika nafasi ndogo mno katikati. Hesabu hizo zilitabiri pia ni chembe ngapi zingepinda kwa kila pembe, na Geiger na Marsden walipopima upya kwa pembe mbalimbali, matokeo waliyoyachapisha mwaka 1913 yalilingana na utabiri.

Kipenyo cha kiini cha dhahabu ni takriban sehemu moja ya 20,000 ya kipenyo cha atomi yake. Kiini hicho kikikuzwa kufikia ukubwa wa gololi anayochezea mtoto, atomi nzima itakuwa na upana wa karibu mita 300, yaani viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa kwa urefu.

Kama elektroni ina chaji hasi na kiini kina chaji chanya, kwa nini elektroni haiangukii kwenye kiini?

Hili ndilo swali lililowasumbua wanafizikia wenyewe mwaka 1911, na mwanafunzi anayeliuliza ameelewa somo vizuri. Kwa sheria za umeme zilizojulikana wakati huo, elektroni inayozunguka ingepaswa kutoa mwanga mfululizo, kupoteza nishati na kuanguka kwenye kiini kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Atomi hazifanyi hivyo. Meza iliyo mbele yako haijaporomoka.

Niels Bohr wa Denmaki, aliyekuwa amefanya kazi na Rutherford, alitoa pendekezo lake mwaka 1913. Alisema kwamba elektroni ya haidrojeni inaruhusiwa kuwa katika viwango maalumu tu vya nishati, kwamba ikiwa katika kiwango hicho haitoi mwanga, na kwamba hutoa mwanga pale tu inaposhuka kutoka kiwango kimoja hadi kingine. Msingi wake ulikuwa wazo la Max Planck la mwaka 1900, lililoendelezwa na Einstein mwaka 1905, kwamba nishati ya mwanga huja kwa mafungu yasiyogawanyika.

Pendekezo lenyewe lilionekana la kulazimisha mambo, na wapo waliolipinga kwa sababu hiyo. Kilicholipa nguvu ni rangi. Gesi ya haidrojeni inayopitishwa umeme haitoi rangi zote za upinde wa mvua. Hutoa mistari michache tu, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 656 ambao ni mwekundu, 486, 434, 410 na kuendelea. Johann Balmer, mwalimu wa shule mjini Basel, Uswisi, alikuwa amepata mwaka 1885 kanuni fupi ya hesabu inayotoa namba hizo zote, pasipo yeyote kujua kwa nini inafanya kazi. Kutoka katika viwango vya Bohr kanuni hiyo ya Balmer hutoka yenyewe: mstari mwekundu ni elektroni inayoshuka kutoka kiwango cha tatu hadi cha pili, na wa nanomita 486 ni kutoka cha nne hadi cha pili. Lakini hesabu hizohizo zilishindwa kwa heliamu, ambayo ina elektroni mbili tu, na Bohr mwenyewe alijua kwamba kazi haijakamilika.

Protoni na nyutroni ziligunduliwa na nani?

Jibu la kawaida ni Rutherford na James Chadwick, na ni sahihi, ila linaruka mtu wa katikati ambaye ni Henry Moseley. Mwaka 1913 na 1914 Moseley alipima miale ya eksirei inayotolewa na elementi mbalimbali, akaona kwamba mzizi wa pili wa marudio yake (idadi ya mawimbi kwa sekunde) unaongezeka kwa hatua sawa kutoka elementi moja hadi inayofuata. Kwa hiyo namba ya elementi katika jedwali haikuwa namba ya foleni tu. Ilikuwa kipimo cha chaji ya kiini. Kipimo hicho kilieleza kwa nini kobalti inatangulia nikeli ingawa ni nzito zaidi, na kilionyesha bila kubahatisha ni nafasi zipi bado hazijajazwa, zikiwamo namba 43, 61 na 75. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915 akiwa na umri wa miaka 27.

Rutherford aliona kwamba chembe za alfa zinapogonga nitrojeni hutoka viini vya haidrojeni, akachapisha matokeo mwaka 1919, na mwaka uliofuata akakipa kiini hicho jina la protoni. Ikabaki shida ya uzito: heliamu ina protoni 2 lakini ina uzito wa takriban protoni 4, na Soddy alikuwa ameshaonyesha kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomi za uzito tofauti, yaani isotopi.

Mapema mwaka 1932 Irène Curie na mumewe Frédéric Joliot waliripoti kwamba mionzi isiyo na chaji inayotoka kwenye beriliamu iliyopigwa kwa chembe za alfa inaweza kung'oa protoni kutoka kwenye nta ya parafini. Walidhani ni mionzi ya gama, ambayo ni aina ya mwanga wenye nishati kubwa sana. Chadwick, akiwa Cambridge, aliona kwamba mionzi ya gama ingehitaji nishati kubwa isiyowezekana kufanya hivyo. Alirudia jaribio kwa kupiga haidrojeni, nitrojeni na vitu vingine, akalinganisha kasi ambayo kila kiini kiliruka nayo, na akapata kwamba chembe inayogonga lazima iwe na uzito unaokaribia ule wa protoni. Hiyo ndiyo nyutroni. Alituma barua yake ya kwanza kwa jarida mwezi Februari mwaka huohuo, baada ya wiki chache tu za kazi.

Kwa nini tunaambiwa kwamba mchoro wa elektroni zikizunguka kama sayari si sahihi?

Kwa sababu elektroni haina njia moja inayoweza kuchorwa. Mwaka 1924 Louis de Broglie wa Ufaransa alipendekeza kwamba kila chembe ina tabia ya wimbi, na mwaka 1927 Clinton Davisson na Lester Germer nchini Marekani waliona elektroni zikitawanywa na fuwele ya nikeli kwa mpangilio ambao mawimbi pekee huutoa. George Thomson alipata matokeo ya namna hiyo Uingereza. Baba yake, J. J. Thomson, alikuwa ametunukiwa Nobel mwaka 1906, na kazi yake ndiyo iliyoonyesha kwamba elektroni ni chembe. Mtoto alitunukiwa mwaka 1937 kwa kuonyesha kwamba ni wimbi, na wote wawili walikuwa wamepima sawasawa.

Werner Heisenberg mwaka 1925 na Erwin Schrödinger mwaka 1926 waliunda, kila mmoja kwa njia yake, hesabu mpya inayojulikana kama makanika ya kwanta, na Max Born akaeleza kwamba wimbi la Schrödinger linatupa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Heisenberg aliongeza mwaka 1927 kwamba haiwezekani mahali na mwendo wa chembe vyote viwili viwe na thamani kamili kwa wakati mmoja, na hilo si suala la udhaifu wa vifaa. Kwa haidrojeni iliyotulia, uwezekano huo una umbo la tufe linalofifia kuelekea nje, wala hakuna duara lolote. Nadharia hii ilifaulu pale Bohr alipokwama, ikaeleza heliamu, muungano wa atomi katika molekuli na mpangilio mzima wa jedwali la Mendeleev.

Tunaona ni vibaya kwamba vitabu vingi bado vinachora duara hizo bila hata sentensi moja ya tahadhari, ilhali zimepitwa na wakati tangu mwaka 1926. Zinasaidia kuhesabu elektroni katika viwango. Zisitumiwe kueleza atomi ilivyo.

Nani aligundua kwamba kiini kinaweza kupasuka?

Mwezi Desemba 1938 wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann wa Berlin walikuta bariamu, elementi namba 56, ndani ya urani waliyokuwa wameipiga kwa nyutroni. Hawakuweza kueleza jinsi kiini chenye protoni 92 kinavyoweza kutoa kitu chepesi namna hiyo. Maelezo yalitoka kwa Lise Meitner, mwanafizikia mwenye asili ya Kiyahudi aliyekuwa ameshirikiana na Hahn kwa takriban miaka 30 kabla ya kulazimika kukimbia Ujerumani miezi michache nyuma. Akiwa uhamishoni Uswidi pamoja na mpwa wake Otto Frisch, alikokotoa kwamba kiini kimegawanyika karibu nusu kwa nusu na kwamba kila kupasuka kunatoa nishati ya takriban elektronivolti milioni 200 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati kinachotumika kwa atomi na chembe zake). Nobel ya ugunduzi huo ilitolewa kwa Hahn peke yake. Hiyo ni dhuluma, na kuipa elementi namba 109 jina la meitneriamu baadaye hakukuifuta.

Je, historia hii ina uhusiano wowote na maeneo ya Waswahili?

Ndiyo, na uhusiano mmoja ni wa kuhuzunisha. Mgodi wa Shinkolobwe uko Katanga, katika eneo la Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Mawe yake ya urani yalikuwa tajiri kuliko karibu yote yaliyojulikana duniani, na katika miaka ya 1920 yalitoa sehemu kubwa ya radiamu iliyouzwa kwa hospitali na maabara. Mwaka 1940 kampuni ya Kibelgiji iliyomiliki mgodi ilisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York, na sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo. Wachimbaji Wakongo walioyachambua mawe hayo kwa mikono hawatajwi katika vitabu vingi vya fizikia, na wanapaswa kutajwa. Kinu cha kwanza cha nyuklia cha utafiti barani Afrika kilianza kufanya kazi mwaka 1959 katika nchi hiyohiyo, kwenye chuo kikuu mjini Kinshasa, ambao wakati huo uliitwa Léopoldville.

Uhusiano wa pili uko Tanzania. Mwezi Julai 1959 Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, katika bonde la Olduvai, na Louis Leakey alikadiria kwamba lina miaka takriban 600,000. Potasiamu iliyomo ndani ya majivu ya volkano ina isotopi moja, potasiamu-40, inayogeuka polepole kuwa agoni, kiasi kwamba nusu yake huchukua takriban miaka bilioni 1.25 kubadilika. Kwa kupima agoni iliyonaswa ndani ya tabaka hizo za majivu, Jack Evernden na Garniss Curtis walipata umri wa miaka milioni 1.75, na matokeo yakachapishwa mwaka 1961. Hatua hiyo moja ilirefusha historia ya binadamu karibu mara tatu, na haingewezekana bila kujua kwamba viini vya atomi hubadilika kwa kasi isiyoyumba.

Je, kuna mtu aliyewahi kuiona atomi?

Si kwa mwanga wa kawaida, kwa sababu mawimbi yake ni marefu kuliko atomi kwa maelfu ya mara. Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ya kampuni ya IBM karibu na Zürich, Uswisi, walitengeneza hadubini inayopitisha ncha kali ya metali karibu sana na uso wa kitu na kupima mkondo mdogo wa umeme unaovuka pengo. Mkondo huo hubadilika sana ncha inaposogea hata kwa sehemu ya upana wa atomi, hivyo kompyuta inaweza kuchora uso huo atomi kwa atomi. Mwaka 1989 watafiti wa kampuni hiyohiyo ya IBM nchini Marekani walitumia ncha kama hiyo kuzisogeza atomi 35 za zenoni, moja moja, na kuziandika herufi za jina la kampuni yao.

Je, protoni, nyutroni na elektroni nazo zina vipande ndani yake?

Protoni na nyutroni zinavyo. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja peke yake, walipendekeza kwamba zinaundwa na chembe tulizozizoea sasa kwa jina la kwaki, na mwishoni mwa muongo huo elektroni zilizorushwa kwa nishati kubwa kwenye protoni huko Stanford zilitawanyika kwa namna iliyoonyesha kwamba ndani kuna vitu vidogo vigumu. Ni hoja ileile ya Geiger na Marsden, ikitumika hatua moja ndani zaidi. Protoni ina kwaki tatu, mbili zenye chaji ya theluthi mbili chanya na moja yenye theluthi moja hasi. Uzito wa kwaki hizo wenyewe ni takriban sehemu moja tu ya mia ya uzito wa protoni. Uliobaki unatokana na nishati ya mwendo wao na ya nguvu inayozifunga pamoja.

Elektroni, iliyokuwa ya kwanza kupatikana, imepimwa kwa nishati kubwa sana maabarani, na hadi sasa haijaonyesha dalili yoyote ya kuwa na sehemu ndani yake.